Nilimpiga Mutua, Akapanda Cheo Yeye

Kiboko, Jumamosi

Na bado nasema mimi ndiye niliyeshinda. Kwenye mtihani wa kendo leo, ule mchezo wa panga wa Kijapani, nilimpiga Mutua kichwani mara nne kwa upanga wa mianzi. Yeye hakunigusa hata mara moja. Halafu Mutua akapandishwa cheo, mimi nikaachwa palepale.

Mwalimu wetu, yule Mjapani anayetafiti mtama hapa stesheni ya utafiti ya Kiboko, alinieleza kwa upole: "Bwana Kioko, hatuhesabu mapigo tu. Ukelele unaopiga ukishambulia hauna roho."

Sasa, Mutua kazi yake ni kufukuza ndege kwenye mtama. Atakosaje ukelele? Mimi ni karani, tena shemasi. Nimezoea kunong'ona.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Baba Mwende, kwa hivyo aliyepigwa ndiye mkubwa?"



Mjapani atanipima mara moja tena Jumatatu, kabla hajarudi kwao. Baada ya hapo hakuna mwingine wa kunipima. Naogopa.

Kwa hivyo jioni nilienda shambani, nikapanda jukwaa la Mutua la kufukuzia ndege, nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote.

Ndege mmoja aliinua kichwa, akanitazama, akaendelea kula.