Uani kwa Mukaka

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu Jokébed ambaye tunalala chumba kimoja: ninajenga nyumba ya mukaka ndani ya kompyuta.

Si picha tu. Nyumba kabisa, yenye pande zote, na ua wake, na jikoni ya nje, kama ilivyokuwa Luofu kabla mukaka hajakimbia vita na kuja kukaa kwetu hapa Butembo. Mukaka ni mama yake baba. Mara ya mwisho kufika kwake nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, sikumbuki kitu. Kwa hiyo ninamuuliza. Anapochambua maharagwe ninakaa karibu, ninasema kama mtu asiyetaka chochote: "Mukaka, ile jikoni ilikuwa inatazama wapi?" Anajibu, na anaongeza. Mikaratusi nyuma. Tuta la vitunguu kushoto. Jiwe la kunolea jembe karibu na mlango. Baadaye ninaingia kwenye mashini na kuliweka jiwe mahali pake.

Anadhani ninapenda hadithi. Ni kweli, ninapenda.

Shida ni moja. Ua unaonekana lakini hautembeki. Nikibonyeza kwenda mbele, mashini inafikiri — inafikiri — halafu inaruka kama chura. Mukaka akitazama vile atashikwa na kizunguzungu.

Mashini yenyewe ni nzuri. Mjomba Zacharie aliileta kutoka Dubai pamoja na mzigo wa duka lake. Wateja waliikataa: kubwa mno, inakula courant, umeme mwingi. Ndani ina kadi ya picha yenye feni mbili, ya watu wanaocheza michezo ya kompyuta. Yaya Éliakim, kaka yetu mkubwa, mtoto wa shangazi wa Beni, aliiwekea Linux, mfumo wa kuiendesha, wakati wa vacance za shule. Anasema kadi ni nzima, imekosa tu pilote yake, programu ya kuongea nayo, ile ya kampuni iliyoitengeneza.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo kanisani mgeni kutoka Kinshasa alihubiri kwa Kifaransa. Mzee Kasika alitafsiri. Mgeni akasema sentensi ndefu sana, akarusha mikono, akacheka mwenyewe. Mzee Kasika akangoja amalize. Akasema: "Anafurahi kutuona."

Tulicheka kuliko mgeni.

Hapo nikaelewa pilote ni nini. Kadi ina lugha yake. Linux imekuja na mkalimani wa kujitolea, aliyejifunza lugha hiyo kwa kusikiliza nje ya dirisha. Ana moyo mwema. Lakini kadi ikisema mambo mengi, yeye anasema: anafurahi kutuona. Mkalimani wa kampuni anajua kila neno, ila hakuna anayeruhusiwa kumfungua kuangalia ndani. Éliakim anasema watu wa Linux wanagombana sana juu ya jambo hilo. Mimi nataka tu ua utembeke.

Na sasa kuna haraka. Baada ya ibada mama alisema shangazi Christa anakuja Jumamosi kumchukua mukaka. Atakaa kwake Beni, Mulekera, ambako kuna kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Mukaka amefurahi, hapa kwetu analima kwenye beseni. Nami ninafurahi kwa ajili yake. Lakini Jumamosi ni Jumamosi hii! Mashini haiwezi kupanda gari kila mara kumfuata. Lazima mukaka atembee uani kwake kabla hajaondoka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilimwomba Jokébed simu yake, kwa sababu yake ndiyo yenye mega za intaneti.

"Ya masomo?"

Nikasema ya masomo.

"Mutu wa masomo hachekake peke yake mbele ya mashini. Ule kijana anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu amekuchukua kama jibu.

Pilote ilishuka kutoka mtandaoni polepole kama asali. Courant ikakatika. Ikarudi. Nikaanza tena. Mwishoni mashini ikaniambia nitunge neno la siri, la kutumika mara moja tu baada ya kuwasha upya. Nikaweka mukakawangu. Nikawasha upya.

Ukatokea ukurasa wa buluu ambao sijawahi kuuona, maneno yote ya Kiingereza. Jokébed akaingia kutafuta kitana. Nikashtuka, nikabonyeza chochote ili uondoke.

Uliondoka. Sasa herufi ni nene kama za bango la kampeni, na ua hauruki hata kama chura. Umekufa. Nimeharibu hata kile kidogo kilichokuwapo.

Jumatano, 8 Oktoba

Éliakim alinitumia sauti kutoka Beni. Nyuma yake pikipiki zinapiga honi, anacheka.

"Séphora, ile page ya bleu ilikuwa inakuuliza: huyu mugeni unamujua, aingie? Weye ukanyamaza, kama kawaida yako. Donc mashini ikamufungia mulango. Sasa pilote iko inje, na ile ingine ya zamani ulishaifukuza."

Nilisikiliza mara nyingi. Si kwa sababu sikuelewa: ni lile "kama kawaida yako".

Akanitumia maneno ya kuandika ili ukurasa wa buluu urudi. Nikaandika, nikaweka tena mukakawangu, nikawasha upya. Ukurasa ukatokea. Safari hii sikukimbia. Nikachagua kumwandikisha mgeni. Ikaniomba neno la siri. Nikaandika polepole, kidole kimoja.

Imekataa.

Nikarudia. Imekataa. Nikarudia tena, ikachoka nami, ikaendelea bila pilote.

Labda nilikosea wakati wa kulitunga. Nikaanza upya na neno jingine: yerusalemu. Hilo siwezi kulikosea, ninaliimba kila Jumapili. Imekataa! Herufi hazionekani unapoandika, nyota tu. Ninajua nilichoandika. Mashini inasema sikuandika hivyo.

Mukaka alipita na beseni lake. "Unapiganaka na nani mu ile mashini?"

"Na mulango, Mukaka."

"Gonga mupole," akasema, akaendelea.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeipata. Nimeipata!

Mama alinituma dukani kwa mjomba Zacharie nimpelekee chakula. Alikuwa na mteja, akaniambia nikae. Mbele yangu kulikuwa na kompyuta nyingine ya Dubai, na klavye yake ya kuandikia, yenye herufi za Kiarabu pembeni ya zetu. Nikaandika jina langu bila kutazama, kupoteza muda tu.

S2phorq.

Nikacheka kwa sauti, mbele ya watu. Mteja akageuka. Mjomba akamwambia: "Muache, uyo ni wa kusoma sana."

Ni hivi. Klavye yetu nyumbani, iliyonunuliwa hapa Butembo, ni ya Kifaransa, kama ya shuleni. Ile ya Dubai imepangwa kwa Kiingereza: A iko mahali pa Q yetu, W mahali pa Z, na M imehamia jirani na N. Linux inajua kwamba tunaandika kwa Kifaransa, kwa sababu Éliakim aliiambia. Lakini ukurasa wa buluu unatokea kabla Linux haijaamka! Bado haujaambiwa. Unadhani kila mtu duniani ana klavye ya Kiingereza. Mimi nabonyeza A, wenyewe unapokea Q. Na mukakawangu ina A ngapi? Yerusalemu pia ina A, na M juu yake.

Nilitaka kumweleza mtu. Nikamweleza mjomba. Alitafuna mpaka nikamaliza. "Kumbe iko na akili, ila inalala kwanza," akasema. Ndivyo hasa.

Kwa hiyo nahitaji neno ambalo herufi zake zote zinakaa mahali pamoja huku na huku. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nachambua maneno kama maharagwe. Muhogo, hapana, M. Lengalenga, hapana, A. Kabeji, A tena.

Kitunguu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kitunguu! (Linatumika mara moja tu, ndiyo maana ninaliandika.)

Ukurasa wa buluu ukauliza kama namjua mgeni. Nikajibu ndiyo. Kitunguu. Ikakubali bila neno. Ikajizima, ikajiwasha. Feni zote mbili zikazunguka, kwa mara ya kwanza nikazisikia zikifanya kazi.

Nikafungua ua. Nikabonyeza mbele.

Nilitembea. Hivyo tu, kama mtu anavyotembea. Nikapita kwenye mlango wa ua, nikapita tuta la vitunguu, nikazunguka jikoni, kivuli cha paa kikapita juu yangu na kuondoka. Nikarudi. Nikaenda mpaka mikaratusi na nikageuka kuitazama nyumba kwa mbali. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa mbali. Ni ndogo.

Éliakim nimemwandikia: imeingia. Amejibu kwa vichwa vya kucheka na kuniuliza ninachezea nini.

Kazi ya mashini imekwisha. Sasa imebaki yangu: kufungua mdomo na kumwita mukaka. Nimejaribu mbele ya kioo. Hata kioo kilinitazama sana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ninaandika mbio kwenye kona ya kitanda. Chumba kimejaa na hakuna anayenitazama, wote wanatazama mashini.

Shangazi Christa alifika asubuhi na gari la kukodi. Anataka warudi Beni mapema, barabara isiwakute na jioni. Walikula. Mizigo ikafungwa. Mimi nikaosha sahani zilizokuwa safi. Mukaka akavaa viatu, akafunga kitambaa, akaanza kuaga. Alipofika kwangu akanishika mikono.

"Na weye, musichana wangu wa maulizo, leo hauna ulizo?"

Nikasema: "Mukaka, twende kwanza Luofu."

Jokébed akamwambia mama: "Kumbe anasemaka."

Nikamkalisha mukaka kwenye kiti mbele ya mashini. Nikabonyeza mbele. Tukapita mlango wa ua. Shangazi alikuwa amesimama nyuma na funguo za mzigo mkononi, akaziacha zianguke. Tuta la vitunguu. Jikoni. Jiwe la kunolea, na jembe nililoliegemeza hapo ili papendeze.

"Ile jembe nani aliiacha inje? Mvua itainyeshea."

Nikasema nitaliingiza.

"Na vitunguu ni bidogo. Byangu bilikuwa bikubwa."

Nje honi ikalia. Shangazi akasema, kwa sauti ya chini: "Mama, gari."

"Gari haina miguu ya kuchoka." Kisha akanigusa bega. "Sasa tuingie. Niko na baridi hapa inje."

Ilibidi nimwambie. Ule mlango ni rangi tu juu ya ukuta. Hauna nyuma. Ndani sikujenga chochote.

"Mukaka, ya ndani haukuniambiaka."

"Haukuniulizaka."

Honi tena. Shangazi akatazama saa, akatazama nyumba alimozaliwa. "Kitanda ya baba ilikuwa kuume," akasema.

"Kushoto," akasema mukaka.

"Kuume, mama. Mwangaza ulikuwa unaingilia kwa miguu yake."

"Unanifundisha nyumba yangu?" Mukaka akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. "Jokébed, mupatie shofere chai."

Wanabishana hata sasa. Mama naye ameingia upande wa shangazi. Shofere amekuja na kikombe chake, amesimama mlangoni, anauliza hiyo ni nyumba ya nani.

Nimefuta mlango wa rangi. Nimetoboa ukuta. Halafu nimegeuka kwao wote na kuuliza kwa sauti, mpaka wakanyamaza: "Dirisha ilikuwa wapi?"