Kanzu ya Jumamosi

Dobi ya Uaminifu,
Magogoni, Kisauni,
Mombasa.
27 Februari 1988

Kwa Dada yangu mheshimiwa, Jerioth,

Shikamoo. Natanguliza salamu hizi kwa unyenyekevu, nikitumaini zitakukuta u mwenye siha, na kwamba goti la Mama limepoa tangu mvua zilipokatika. Mwili wangu ni mzima. Juu ya hali yangu nyingine, nakuomba univumilie mpaka mwisho wa waraka huu, kwa maana sharti nianzie palipo na mwanzo.

Vazi jeupe la ubatizo ulilolishona kwa mikono yako lilinifikia salama Jumanne, pamoja na habari kwamba wazee wa kanisa watakuja siku ya Pasaka kumshuhudia Ndugu Nassor akibatizwa. Ni kwa sababu ya vazi hilo, na ya huyo Nassor, nimeshika kalamu.

Unakumbuka, waliponituma kuhubiri huku, ulivyosimama mbele ya wazee kuniombea pasi mbili za makaa na makarai. Wao walitaka nipewe kipaza sauti. Ukawaambia kwamba watu wa huku wamekwisha kusikia kelele za kutosha, na kwamba shati lililorudi na vifungo vyake vyote litahubiri kuliko mdomo wangu. Katika kazi sikukuaibisha. Walimu na wahudumu wa hoteli huniletea nguo hata kutoka Mjambere. Kifungo kilichokatika hukishona bila kuombwa, na kitu kilichosahauliwa mfukoni hukirudisha. Katika kila mfuko hutia kikaratasi chenye Neno, kwa mwandiko wangu. Bi Dhahabu, auzaye mbaazi na mahamri mkabala nami, hunitania kila asubuhi akiniuliza leo nafua nguo au nafua watu, na kama watu nao huwatia wanga.

Katikati ya Novemba alianza kuja bibi wa ukoo wa zamani wa hapa mtaani, Nana Barke. Kila Jumamosi huleta kanzu moja nyeupe, na kila Alhamisi huichukua iwe tayari kwa Ijumaa. Aliniagiza nisiitie wanga kamwe, kwa kuwa mjukuu wake Nassor huwashwa shingo. Kanzu hunukia udi, na ukosi wake huwa umelowa jasho. Nassor mwenyewe sikumwona. Nikaandika jina lake juu ya kikaratasi, nikakitia mfukoni. Jumamosi iliyofuata kikarudi kimekunjwa mara nne, na nyuma yake mstari mmoja wa wino mweusi. Ikawa hivyo juma baada ya juma, mpaka vikawa kumi na vitatu.

Majibu yake umeyasoma kanisani, Dada. Kwamba moyo wake hautulii, kwamba anatamani kuwa mmoja wetu. Ulipoomba vipimo vya vazi, nilivichukua kutoka kwenye kanzu ile ile, mabega na urefu.

Lilipofika vazi nikaona haifai wazee wamkute mtu ambaye mimi mwenyewe sijampa mkono. Jumatano alasiri nikaenda kwa Nana Barke. Alinikaribisha barazani, akanipa kahawa, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba nimechelewa, kwani Nassor yumo kaburini mwaka wa tano huu. Nikamwuliza kanzu huvaliwa na nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa neno la kitoto, akasema huvaliwa na mwenyewe. Yeye huitundika Ijumaa, na Jumamosi huikuta imevaliwa. Isingevaliwa, alisema, angeniletea ya nini, mwanangu? Juu ya vikaratasi aliapa wallahi kwamba mfukoni mwa mwanamume hajapata kutia mkono.

Hapa, Dada, ndipo penye ungamo langu. Mistari ile imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, nami sizijui. Mtaa mzima huja kwangu kuandikiwa barua za maombi kwa chifu na kwa waajiri. Niliona haya kwenda kumwambia mtu kwamba kuna maandishi yanayonishinda. Maneno uliyoyasoma kanisani niliyatunga mimi. Niliyatunga vizuri, na nilijivunia.

Nilipotoka kwa Nana Barke nikavipeleka vikaratasi vyote dukani kwa jirani yangu Bwana Mohdhar, azijuaye herufi hizo. Alicheka, akasema leo mwandishi wa maombi ameletwa chuoni. Akasoma cha kwanza: “Nimesoma.” Akasoma cha pili: “Usinisemee.” Cha tatu: “Usinisemee.” Alipofika cha sita hakuwa akicheka tena. Vyote vilivyobaki vilisema hivyo. Akaniambia mwandiko ule anaujua, kwa kuwa yeye na Nassor walisoma ubao mmoja katika chuo cha Kurani utotoni, na ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Kisha akavua kofia yake, akavifunika, akaniomba nivitoe dukani mwake.

Leo asubuhi Nana Barke amekuja mikono mitupu, kwa mara ya kwanza. Ameniambia kanzu ya juma hili haikuvaliwa. Ameikuta imetundikwa kama alivyoiacha. Alipokwisha kuondoka nikakishusha kutoka rafuni kifurushi chako cha vazi, nilichokuwa sijakifungua. Kamba ilikuwa yako, na mafundo ni yale uliyoyafunga wewe. Nikakifungua. Vazi lilinukia udi, na ukosi ulikuwa umelowa. Katika mfuko mdogo ulioushona kifuani mlikuwa na kikaratasi. Nikamwita Mohdhar, akakisoma akiwa amesimama mlangoni pangu, bila kukigusa: “Limenitosha. Si langu.”

Nakurudishia vazi, halikufuliwa, kwa maana sikuthubutu. Tafadhali usimvalishe mtu yeyote. Nakusihi usimame pale pale uliposimama kuzisoma barua zangu zile, uisome na hii, yote, ili jina la Nassor litolewe kinywani mwetu mbele ya wale wale waliolisikia. Najua unalolipoteza kwa kulisoma, maana ulinidhamini wewe. Wazee wakizitaka pasi zao, zi safi na zimepakwa mafuta. Wakiniacha niendelee, nitashona vifungo, na mifukoni mwa watu sitatia kitu.

Mpe Mama shikamoo yangu, na shemeji mkono wa heshima. Watoto wabusu, usiwaeleze. Jumamosi ijayo nitafungua duka kama kawaida, na kama kanzu italetwa nitaifua bila wanga.

Ni mimi mdogo wako, nikunyenyekeaye,

Ezekieli Kalama