Kitasa cha Chumba cha Mama Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Vifungo, kama ninavyojulikana na wote mtaani
Umri: Miaka 41
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba ya marehemu baba mkwe, nyuma ya karakana ya mbao

Mimi ni mke wa kitinda mimba wa marehemu mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa lori na yuko safarini. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Nimeitwa hapa kwa sababu shemeji yangu mkubwa amelalamika kwamba nilimfungia mama yake chumbani hadi akafa. Naeleza ilivyokuwa.

Mnamo tarehe 9 ya mwezi huu, saa tatu asubuhi hivi, nilikuwa sebuleni napinda suruali ya mteja. Mama aliniita kutoka chumbani kwake. Alisema, "Mwanangu, ufunguo umegoma." Alikuwa na mazoea ya kujifungia anapovaa. Nilisukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Nilimwambia achomoe ufunguo aupitishe chini ya mlango. Ulikuwa umenasa.

Nilimpigia simu fundi wa vitasa. Alisema yuko mtaa wa pili, anakuja. Nikazunguka nyuma, nikampa mama chai kupitia nondo za dirisha. Akasema, "Uzeeni nimekuwa mwali tena, naletewa chai ndani." Nikamwambia, mwali gani hana meno. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Fundi alichelewa. Nilipiga tena, akasema yuko njiani. Nikamwambia mama nauvunja mlango. Alikataa. Alisema, "Mlango huu baba yenu aliuchonga kwa mkono wake. Haraka ya nini? Siumwi mimi." Nikamtii. Nilivuta kigoda nikakaa upande wangu wa mlango, naye akakaa sakafuni upande wake, maana sauti yake ilikuwa inatoka chini. Tukapiga soga. Aliuliza mume wangu atarudi lini. Nikasema Ijumaa. Akasema, "Mwambie asiendeshe na usingizi." Kisha akasema kifua kinambana.

Nikauliza, "Kinabanaje, mama?"

Hakujibu. Nilimwita tena. Nilikimbilia dirishani, nikaona miguu yake tu. Nilirudi na mchi wa kinu, nikapiga kitasa hadi mbao zikapasuka. Mlango ulifunguka kidogo ukakwama, kwa sababu alikuwa ameuegemea. Niliogopa kumwumiza. Nilipenyeza mkono, nikamshika bega, nikamsogeza taratibu, huku namwomba radhi. Mwili ulikuwa bado una joto. Fundi alinikuta nimempakata, ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Hospitalini walisema moyo ulikuwa umeshasimama.

Shemeji aliniuliza mbele ya watu, "Kwa nini hukuvunja mapema?" Nilimjibu kwamba mama alinikataza.

Afande, nina ombi moja. Tangu mkono wake wa kulia upooze, ni mimi ninayemwogesha. Anaona haya kwa watu wengine, hata kwa binti zake. Nasikia shemeji amesema nisiguse maiti. Naomba niruhusiwe nimwoshe mara hii, halafu wafanye wanavyotaka.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali kuwa ni sahihi. Nimekagua mlango. Ufunguo umenasa upande wa ndani na springi ya kitasa imekatika. Hakuna dalili kwamba mlango ulifungwa kwa nje. Daktari amethibitisha kuwa kifo kimetokana na moyo.

Nilimwita mlalamikaji kutoka kwenye benchi la nje, nikamweleza hayo pamoja na ombi la shahidi. Alisema dada zake walitangulia chumba cha maiti tangu asubuhi, na mama ameshaoshwa.

Nimemfikishia shahidi jibu hilo. Aliuliza kama maji yalikuwa ya vuguvugu.