Mwaka wa Abdillah

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mwanangu Yasmini yuko likizo ya chuo, hatoki chumbani. Nilidhani ana mtu. Kumbe anatia watu ndani ya gemu kwenye kompyuta! Gemu la kutawala miji. Wametengeneza Wazungu, lakini anayejua anaongeza mji wake na ukoo wake. Wenyewe wanaita modi. Yeye anaongeza Kaole, na watawala wa Kaole ndio sisi. Nimecheka. Kisha nikavuta kigoda.

Jumapili, 3 Agosti

Kila mtu anaandikiwa jina, baba, mama, mwaka wa kuzaliwa, na tabia. Mimi kaniandika mkarimu, mwenye hofu. Nikamwambia hiyo hofu aitoe. Akaniuliza, juzi alipokwenda Mlingotini nilimpigia simu mara ngapi? Basi ibaki.

Dada yangu mkubwa kamwandika shangazi. Wapi! Ni mama yake mkubwa. Kasema gemu halijui mama mkubwa. Sasa watoto wa humo wanalelewa na nani?

Jumanne, 5 Agosti

Tumefika kwa Abdillah, mdogo wangu. Nimetaja vyote, Yasmini akaandika, kisha akanigeuzia kioo. Kuna nafasi moja mwishoni – mwaka wa kufa. Marehemu wote kawajazia.

Abdillah alikwenda Msumbiji kutafuta kazi, Yasmini bado ananyonya. Simu yake ikaacha kupatikana. Hatukukaa matanga, hatukusoma hitima. Mama hakutaka, na bila neno la mama nani angeanza?

Nikamwambia aache wazi. Kasema ikiwa wazi gemu linamhesabu yu hai, na lenyewe litaamua atakufa lini.



Alhamisi, 7 Agosti

Abdillah kaoa! Yasmini kaliwasha gemu kulijaribu, nalo limemchagulia mke wa Pangani lenyewe. Nikauliza tabia ya mwanamke. Mchoyo. Abdillah angemweza, alikuwa na maneno matamu.

Leo nimeacha nazi kwenye mbuzi, nakwenda kuchungulia wanaendeleaje. Wamepata mtoto wa kiume, kapewa jina la baba yetu. Nani kaliambia gemu kwamba mjukuu hupewa jina la babu? Yasmini kasema sheria hiyo kaiandika yeye. Nimemwombea dua mwanangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Abdillah kafa. Homa. Ndani ya gemu, najua – lakini nilisimama pale na mwiko mkononi. Yasmini kanishika bega, kasema ni majaribio tu. Kaanza upya, Abdillah kijana tena.

Nimelia kidogo jikoni. Kisha nikasikia kifua chepesi. Hilo ndilo limenitia hofu.

Yasmini kauliza tena, ajaze au asijaze? Kesho kutwa anawapelekea wenzake modi hiyo wacheze. Nikamwambia si langu hilo. Nimempigia mama, nimemwambia aje ajionee, yeye pia yumo.

Jumapili, 10 Agosti

Mama kaja kutoka Kaole na bodaboda, kanga mpya. Tumesali alasiri pamoja, kisha kaketishwa mbele ya kompyuta, kavaa miwani. Kaulizia mmoja mmoja. Marehemu baba kaandikwa mwenye subira. Mama kasema hapo mmemsingizia, mtu alikuwa akigomba na chai ikiwa moto! Tumecheka sote.

Kisha akauliza, "Na Abdillah wangu?"

Yasmini kamwonyesha. Mama akataka kujua mbona kwa baba yake mwisho pamejaa, kwake patupu. Yasmini akanitazama. Mimi nikatazama mkeka. Basi akamweleza mwenyewe, polepole, panaandikwa nini pale, na kwamba hatukuthubutu bila yeye.

Mama kapeleka kidole karibu na kioo, hakigusi.

"Miaka yote hii mlikuwa mnaningoja mimi?"

Kavua miwani, kaikunja.

"Yasmini, nitekee maji nitie udhu."

Magharibi bado mbali.

Yasmini kenda na kopo uani. Mimi nimetoa msahafu kabatini kwa ile hitima, wala sikuambiwa. Kompyuta iko wazi, kijistari kinawaka na kuzima pale patupu. Namsikia mama ananawa. Mwaka bado hajautaja.