Majani Yaliyobaki Mtini

Mama,

Tumeshinda. Nakwambia hivyo kwanza kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka. Tumemshinda Mwenye Lori, huyu anayetununulia majani, na shamba lako la chai halijauzwa.

Mazishi yako hukuyaona, wacha nikueleze. Mwenye Lori alikuja na kofia mkononi, akakalishwa mbele karibu na mchungaji. Alikuwa ametoa fahali wa kulisha watu, na mwenye kipaza sauti akamshukuru mpaka ungedhani ni yeye anayezikwa. Mimi nilishika sahani yangu nikakumbuka gunia lako la mwisho. Kifua kilikuwa kinakubana, hata kusimama ni shida, na bado ulikataa kwenda hospitali mpaka kaka yangu Kipngetich apeleke majani barabarani. "Majani hayangoji," ulisema, vile umesema tangu nikiwa mtoto. Na siku hiyo jua lilikuwa linawaka, barabara ni vumbi tupu, lakini yule mtu alikata kilo za maji kwenye gunia lako, ati majani yana umande. Kwa hivyo ile nyama ilikuwa yetu, Mama. Tuliila tukimshukuru.

Najua ungenikatiza hapo. Ungesema huyo mtu alianza na wilbaro, akisukuma majani ya watu kwenye matope wakati wengine wamelala. Hilo tulibishania jikoni miaka yote, wewe ukimtetea, mimi nikinuna. Sasa nimekubali nusu. Wilbaro aliisukuma mwenyewe, jasho lile lilikuwa lake, sina neno. Lakini lori haikununuliwa na wilbaro. Lori ilinunuliwa na maji ambayo hayakuwepo.

Kabla udongo wa kaburi haujakauka, alikuja kuongea na Kipngetich. Alitaka auziwe shamba, ati chai siku hizi haina pesa. Mwanao unamjua, nilimwona macho yameshapanda pikipiki ambayo angenunua. Mimi nilikuwa namimina chai, nikauliza kwa heshima kabisa, kama chai haina pesa, yeye anaitaka ya nini. Alicheka tu. Alipoondoka, Kipngetich akaniambia nina muda mpaka uchumaji unaofuata. Nikionyesha kwamba shamba linaweza kutulisha, libaki. Nikishindwa, anauza. Niliingia chumbani kwako nikalia juu ya leso yako.

Jibu lilinijia nikiwa nimekalia gunia. Tulikuwa barabarani na Mama Njoki, yule jirani yako wa duka ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Murang'a. Lori ilikuwa imechelewa kama kawaida. Niliweka mkono ndani ya gunia, nikasikia majani yameshaanza kupata joto. Yakikaa hadi jioni yanageuka mekundu, hakuna atakayeyachukua. Kumbe ndiyo maana Mwenye Lori alikuwa anachelewa. Tukishachuma, tumekwisha, atakata anachotaka na tutasema asante. Lakini mtini je? Mtini majani yanangoja. Asiyengoja ni yeye, kwa sababu kiwanda anachouzia kinataka lori ijae kila siku.

Tulikubaliana baada ya kanisa, sisi akina mama, tukisimama pale nje kama watu wanaosalimiana. Jumatatu hakuna aliyechuma. Kila mmoja alitundika kikapu chake kwenye ua wa barabarani, mdomo chini, ili akipita aone. Mimi nilitundika chako, chenye ule mkanda uliouunga kwa kitambaa cha sketi yangu ya shule.

Sitakudanganya, niliogopa. Majani yanangoja, lakini si milele. Yakipita siku zake yanakomaa, yanakuwa magumu, na hasara ni yetu. Kila asubuhi nilipita nikigusa vichwa vya michai, na Kipngetich alinifuata nyuma akivunja jani moja moja kuona kama limekomaa. Lori ilipita ikipiga honi, tupu. Ikaenda kujaribu ng'ambo ya mto kwa dada yako, na huko nako vikapu vilikuwa juu ya ua.

Halafu akaja kwa miguu. Mwenye Lori mwenyewe, viatu vimejaa matope, akasimama langoni kwetu akisema tunamuua, ana madereva, ana mkopo wa benki. Mama Njoki akamwambia wilbaro bado ipo. Jameni, tulicheka mpaka hata yeye akacheka.

Sasa mizani inatundikwa upande wetu wa barabara, uso wake ukituangalia sisi. Maji yanakatwa mvua ikiwa imenyesha kweli, na kiasi chake tulikubaliana mbele ya mchungaji. Siku hiyo tulifanya kama wanavyofanyiwa wakimbiaji wetu wakirudi na medali. Tulimvika Mama Njoki mmea wa sinendet shingoni, tukampa mursik kwenye kibuyu. Alikunja uso kwa yale maziwa machachu, lakini alimaliza. Kipngetich haongei tena habari ya kuuza. Siku hizi ndiye anayesimama karibu na mizani kuliko sisi wote, na sauti unaijua.

Lakini kuna jambo moja, na wewe ndiye wa kuambiwa. Nimeajiri mama mmoja kutoka Chebunyo, mvua imewakataa huko, anichumie sehemu ya juu. Jioni ya kwanza nilipima gunia lake, na neno "maji" likanijia mdomoni. Lilikuja lenyewe, Mama, na mbingu ilikuwa kavu. Ndipo nikaelewa vile mtu anavyotoka kwenye wilbaro akafika kwenye lori bila kujiona mwizi. Nililimeza hilo neno. Niligeuza mizani imwangalie yeye, akasoma mwenyewe, nikamlipa vile alivyosoma.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Shamba halitauzwa, na mizani yangu itamwangalia anayechuma.

Kaburi lako liko pale michai inapoishia, na asubuhi hii machipukizi yamejaa hadi karibu na msalaba. Nimekunywa chai yangu nikamaliza kikombe, kitu ambacho sikuwahi kukuona ukifanya. Lala, Mama. Usiamke kuharakisha. Majani yako yapo mtini, yananingoja.

Binti yako,
Chelangat