Kadi ya Okoth

Jumatano, 8 Novemba 1995

Nimepaka sakafu tangu asubuhi. Kinyesi cha ng'ombe nimeomba kwa Ogutu, mzee wa kijiji. Akanipa huku anacheka, eti boma lisilo na ng'ombe hata mmoja linapakwa ya nini. Nikamwambia ili watu kama yeye waingie na viatu safi. Mgongo unauma. Sakafu imetoka nzuri.

Kabla haijakauka wakaja watu wa mradi kutoka Kisumu. Mkubwa wao ni msichana, jina lake Lilian. Viatu vyeupe kwenye matope yetu. Nani alimshauri? Wanatafuta watu watano wanaojua kila mlango wa kijiji hiki. Ogutu akanitaja wa kwanza. Akasema Mama Okoth haogopi uso wa mtu. Ni kweli, siogopi. Kesho saa tatu, kanisani.

Awino anasoma nje mpaka jua litue. Mtihani wa darasa la nane umefika. Huyu ni binti mkubwa wa mwanangu Okoth, ananiita Dani, yaani bibi. Kichwa ni cha baba yake. Nimemwambia ale kwanza, akasema ameshiba. Mwongo.

Alhamisi, 9 Novemba 1995

Leo tumepimana. Niandike yote.

Lilian alikuja na kadi nyeupe, kila kadi jina la nyumba. Ametupa kazi ya kuzipanga mafungu manne hapo chini kwenye mkeka. Fungu la kwanza wenye mali. La pili wasioomba kitu kwa mtu. La tatu wanaohangaika. La nne walioshindwa. Tukauliza ni za nini. Akasema, "Tunataka tu kukielewa kijiji, wazazi wangu. Semeni ukweli."

Kwanza akauliza, mtu wa fungu la nne tutamjuaje? Ogutu akasema ni mvivu. Nikamkatiza. Nikasema ni nyumba inayopika mara moja, saa kumi jioni, ili chakula hicho kiwe cha mchana na cha usiku. Jiko likiwaka saa hizo, ujue. Lilian akaandika haraka haraka. Akaniambia, "Mama, umesema vizuri kuliko vitabu vyetu." Nikafurahi kama mtoto.

Kazi ikaanza. Ogutu alichukua kadi yake mwenyewe akaipeleka fungu la nne. Nikamwuliza, "Ogutu, tumbo hilo umelijaza na umaskini?" Watu walicheka mpaka mchungaji akachungulia. Kadi ikarudi la pili. Jirani yangu Mama Pamela naye akaweka yake la nne, bila kupepesa macho. Nikamwambia hana haya. Akasema, "Haya siipiki, Mama Okoth." Tukamwachia.

Halafu Lilian akainua kadi akasoma: Okoth.

Nilikuwa sijajiandaa. Miaka miwili hakuna mtu ametamka jina hilo mbele ya watu hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekwenda Katito sokoni na atarudi. Ni jina la nyumba tu. Anakaa humo mkewe Rispa na wasichana wawili. Lakini kadi haikusema Rispa. Ilisema Okoth.

Mama Pamela alianza, "Hiyo nyumba, kwa kweli sasa..." Nikamnyang'anya kadi mkononi. Nikasema Okoth ana mabati. Okoth ana baiskeli. Mwanangu hakuomba kitu kwa mtu. Nikaiweka fungu la pili, nikaigonga na kidole.

Baiskeli ilikwenda alipokuwa hospitali. Kila mtu pale anajua. Ng'ombe wetu wawili waliliwa kwenye matanga yake, na hao hao wakala. Hakuna aliyefungua mdomo. Nani atamwambia mzazi mbele ya watu kwamba mwanawe yuko kwa walioshindwa?

Lilian aliuliza mara tatu kama kuna kadi ya kuhama. Ogutu alinitazama. Nikasema zimekaa sawa. Tukaweka sahihi. Yangu ilikuwa safi kuliko zote. Walimu wa Kaloleni, kule mjini nilikokulia, hawakunifundisha mengi, lakini sahihi walinifundisha.

Ijumaa, 10 Novemba 1995

Jiko la Rispa limewaka saa kumi. Nimeliona nikiwa mlangoni. Nikaingia ndani.

Jumamosi, 30 Desemba 1995

Awino amefaulu! Wa kwanza shuleni kwao, wavulana wote nyuma. Nimepiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mdogo wake Adhiambo anaruka tu, hajui hata ni nini. Rispa amekaa chini na kulia. Nimemgombeza, leo si siku ya kulia. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi, nikalia mimi.

Jumanne, 16 Januari 1996

Barua imekuja. Ameitwa sekondari ya wasichana, ya kulala huko huko. Awino alitusomea mara mbili. Orodha ya vitu ni ndefu kama ya bibi harusi. Sanduku, blanketi, shuka mbili, viatu vyeusi. Na karo.

Rispa aliikunja barua akaiweka ndani ya Biblia. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, za kupima kwa kikopo. Mimi nafinyanga vyungu na siku hizi watu wananunua sufuria. Nimehesabu ndugu wote wenye uwezo. Walio hai hawana. Waliokuwa nao tumewazika.

Mungu hataleta barua bila njia. Nimemwambia Awino hivyo. Niliamini.

Ijumaa, 19 Januari 1996

Hata hili nitaandika.

Baraza leo, uwanja wa kanisa. Lilian alisimama na karatasi. Akasema sasa anaweza kutuambia kadi zilikuwa za nini. Nyumba za fungu la nne, mradi utalipia mtoto mmoja sekondari mpaka amalize. Na unga kila mwezi. Hawakutuambia mapema ili watu wasidanganye wapate msaada.

Wasidanganye ili wapate. Hawakufikiria kuna mjinga wa kudanganya ili akose.

Akasoma majina. Mama Pamela yumo, Pamela atakwenda shule. Rispa alikuwa amesimama karibu na mti wa uzio na Adhiambo mgongoni. Kila jina likisomwa alikuwa anainua kichwa kidogo. Jina la mwisho likasomwa. Akaendelea kuinua kichwa. Halafu akamrekebisha mtoto mgongoni akaenda zake nyumbani.

Awino alibaki. Aliniuliza, "Dani, wamesahau sisi?"

Nilisema, "Watu wa mjini hawajui kazi." Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Jumapili, 21 Januari 1996

Sikwenda kanisani. Nimesema ni mgongo. Si mgongo.

Jumatatu, 22 Januari 1996

Nimekwenda Kisumu. Ofisi yao iko Migosi, nyumba ya kupanga kama nyumba za watu, na nguo za jirani zimeanikwa dirishani. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa sita. Nilivaa gauni la matanga kwa sababu ndilo halina kiraka. Kiburi kingine hicho. Ningevaa la kiraka.

Lilian alinipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, binti yangu, kuna kadi moja ilikaa vibaya, ya nyumba ya mkwe wangu. Ihamishe.

Akatoa faili. Akanionyesha karatasi ya kijiji chetu, na chini sahihi tano. Yangu safi.

"Mama, orodha imeshakwenda Nairobi. Na haikuandikwa na mimi. Ni kijiji kilisema."

"Kijiji ni mimi. Mimi nasema tena."

"Nikihamisha moja leo, kesho nina watu mia hapo nje. Kila mmoja na kadi yake."

Nilimpa jibu kali. Nilimwambia anajua kuhesabu nyumba, hajui kukaa ndani ya hata moja. Kwamba angekuja saa kumi jioni akasimama tu njiani, angejua yote bila kadi. Hakukasirika. Ningependa akasirike. Akauliza polepole, "Wewe ndiye ulitufundisha hiyo ya saa kumi, Mama. Nyumba ya mkwe wako ilikuwa inapika saa kumi?"

Ndiyo.

"Sasa kwa nini uliiweka la pili?"

Nikamwambia iliandikwa Okoth. Nikamwambia Okoth ni nani. Alifunga faili. Akaniletea chai na mkate, nikanywa, nikala, mbele yake, maana tangu jana sijala. Akasema watapanga tena baada ya miaka miwili, na safari hiyo wataandika jina la mtu anayelala ndani. Vizuri. Awino atakuwa na miaka mingapi?

Nikapitia Kaloleni kwa ndugu yangu. Cherehani ya baba bado iko, haina kazi. Mke wake mgonjwa. Sikumwambia kilichonileta. Nilisema nimekuja kuwaona.

Jumatano, 24 Januari 1996

Nimempiga Ogutu maneno njiani mpaka watu wakasimama. Kwa nini alinitazama tu? Mzee wa kijiji mzima! Akasema, "Mama Okoth, ningesema nini? Ulikuwa unalia." Sikujua kama nililia. Nimejiuliza siku nzima. Basi Lilian naye aliona. Wote waliona.

Nilimpima marehemu. Nilimpima siku zake nzuri, na shati lake jeupe, akipiga kengele ya baiskeli pale langoni. Watoto wake walio hai sikuwapima. Mama gani huyu? Nimejiita majina ambayo siwezi kumwita mbwa.

Jumamosi, 27 Januari 1996

Nimekwenda kwa Rispa mchana, akiwa anachambua omena mlangoni. Nilisimama. Sikutaka kukaa kwanza, nisije nikazoea. Nikasema, "Ni mimi niliyekuweka la pili. Wengine walitaka kusema, mimi niliwafunga mdomo."

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Nilijua, Mama. Mama Pamela aliniambia siku ile ile, kabla hata hujafika nyumbani."

Tangu Novemba. Ameniletea maji tangu Novemba. Amenikanda mgongo na majani ya moto. Krismasi alinipa kichwa cha samaki, akasema watoto wameshiba.

"Na ulinyamaza?"

"Mama Pamela na wenzake walitaka niende kwa Lilian nilalamike. Nikawaambia mwacheni, ndiye aliyemzaa. Hatukujua ni za shule."

Hapo ndipo nilikaa. Nilimwambia anitukane. Mkwe mwenye akili angenitukana. Yeye akasogeza ungo ili nisikalie omena.

Awino alikuwa ndani. Alisikia yote, kuta zetu ni udongo. Akatoka akasimama mbele yangu, mrefu, mabega ya baba yake. Nilingoja aniambie chochote, nitapokea. Akauliza, "Dani, baba angetuweka wapi?"

"La nne. Bila kufikiri."

Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu alilotaka. Akachukua mtungi akaenda ziwani. Alikaa sana huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na mtungi ulikuwa umejaa, hakumwaga hata tone.

Jumanne, 30 Januari 1996

Nimeuza vyungu vyote Katito, hata cha kupikia mboga zangu. Mchungaji amechangisha. Lilian ametuma bahasha, ni yake mwenyewe, si ya mradi. Tukaweka pamoja mezani. Hazifiki hata kwenye sanduku na blanketi. Rispa akasema Awino arudie darasa la nane. Awino akasema hapana, aliyekuwa wa kwanza anarudia nini? Atakwenda na mama yake kwenye omena, Adhiambo aanze shule ya chekechea.

Ndivyo walivyoamua wao wawili. Mimi nilikuwa kimya. Nafikiri ni mara yangu ya kwanza.

Jumatatu, 5 Februari 1996

Shule zimefunguliwa. Asubuhi Pamela alipita na sketi mpya, soksi zimevutwa mpaka magotini. Sanduku lilimshinda. Awino aliliweka kichwani, akampeleka mpaka barabarani, akarudi.

Mama Pamela hakuweza kunitazama. Nikamwambia, "Nenda, mtoto wako anakungoja. Mfunge kamba ya kiatu." Akaenda.

Awino alikuwa amefika ufukoni kabla yangu. Alitandika nyavu kuukuu mchangani na kumwaga omena, anazisambaza kwa mkono, taratibu, zisilaliane. Jua zuri leo. Nilikaa upande wa pili kufukuza ndege. Hakuniambia nikae, hakuniambia niondoke.

Kama saa sita zilikuwa zimekauka upande mmoja. Akasema, "Dani, tugeuze."

Tukageuza.