Glavu za Baba Hazikupotea

Mheshimiwa Mama,

Glavu za Baba nilizificha kwenye friza jana, mzaha tuliouzoea bwenini, nikasahau. Alfajiri aliendesha baiskeli hadi msikitini mtaa wa Mayfair mikono mitupu, kwenye baridi na mvua hii iliyokosea msimu. Aliporudi alishindwa kushika kikombe. Akakwambia, "Mama Chiku, nisamehe, nimezipoteza zile ulizonifumia." Nami nikakumbuka, nikaendelea kunywa chai yangu.

~~Usimwambie.~~ Msomee barua hii akiamka.

Glavu zinakauka karibu na hita, usiziunguze. Kesho avae mifuko ya plastiki ya mkate juu ya glavu, maji yasipenye.

Nimekwenda kununua huo mkate kwa baiskeli yake, bila glavu. Chai yangu iache kwenye chupa mpaka niweze kushika kikombe.

Binti yenu mwenye aibu,
Chiku